Safari ya Kivu Ilipitia Buseresere

Mbuke alikuwa na miaka thelathini na moja na hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi, akiwa anafunga begi dogo kwenye keria ya baiskeli, alilifungua tena mara tatu kuhakikisha kwamba pasi ya kusafiria bado imo.

"Imeota mbawa?" baba yake alimuuliza. Mzee Maganga alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

"Naangalia tu, baba."

"Mimi nina swali moja. Geita iko huko jua linakotoka. Rwanda iko huku linakozama. Sasa wewe unapanda baiskeli kilomita arobaini kwenda Geita, halafu upande gari upite tena hapa hapa Buseresere mbele ya mlango wangu. Kwa nini huyo kijana asikupitie?"

"Mama yake anataka kuniona kabla hatujaondoka."

Mzee aliacha kunywa. "Mama yake amesema hivyo?"

"Donatus amesema."

"Mimi nimeuliza mama yake."

Mbuke alicheka, akainama akakaza mpira wa keria. Alimjua baba yake. Mwaka mzima mzee alikuwa amempinga Donatus kwa neno moja tu: watu wa dhahabu hawapendi, wanapima. Baba yake Donatus alikuwa na makarasha matatu ya kusaga mawe ya dhahabu nje ya mji wa Geita, nyumba ya vigae, na jina ambalo hata watoto wa Katoro, mji wa jirani, walilijua. Mzee Maganga alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, shamba la mpunga, na binti mmoja mwenye kibanda cha spea za baiskeli pale stendi. Lakini Donatus alikuja. Alikuja kwa baiskeli, akakaa kwenye mkeka, akala ugali wa mtama kwa mlenda bila kukunja uso, akaitikia Kisukuma kwa makosa hadi mzee akacheka. Mwezi wa pili aliwatuma rafiki zake wawili na barua ya posa. Mahari, walisema, itazungumzwa wakirudi safari.

Na safari yenyewe! Walikuwa wameipanga kwa miezi minane. Donatus alimwona Mbuke kwanza kwenye mashindano ya baiskeli ya wanawake Kahama, siku aliyoshika nafasi ya pili na kuanguka mara tu alipovuka mstari. Yeye ndiye aliyemwinua. Akamwambia, "Nifundishe kuendesha hivyo." Mbuke akamfundisha. Jumapili kwa Jumapili walikwenda hadi Chato na kurudi, hadi siku moja, wakiwa wamekaa juu ya mwamba wanakula mahindi ya kuchoma, Donatus alisema kwamba kuna nchi ya vilima elfu na ziwa linaloitwa Kivu, na kando ya ziwa hilo kuna njia ya baiskeli ya siku tano, kutoka Rubavu hadi Rusizi. "Tutakwenda mimi na wewe," alisema. "Gari hadi Rubavu, tuliache hapo, halafu miguu yetu." Wiki ile ile alimnunulia baiskeli ya kijani yenye gia ishirini na moja.

Basi Mbuke akanunua daftari. Aliuliza madereva wa malori ya Rusumo, akapiga simu kwenye nyumba za wageni za Karongi kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akaandika wapi pana maji, wapi mlima ni mkali, wapi fundi yupo. Daftari lilijaa. Kwenye ukurasa mmoja alichora ziwa, ingawa hakuwahi kuliona.

"Haya, mayu, mama yangu," baba yake alisema akisimama. "Nenda. Msalimie huyo mama."

* * *

Alifika Geita saa mbili na nusu. Kabla ya kugonga geti alijificha kwenye ukuta wa jirani, akavaa gauni la kitenge juu ya nguo zake za baiskeli, akajifuta vumbi usoni kwa kitambaa chenye maji. Mkononi alishika mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, alivyovianika mwenyewe juu ya jabali wiki nzima. Mkwe haendewi mikono mitupu.

Ndani, gari jeupe la Donatus lilikuwa limeshapakiwa. Nyuma yake ilining'inia baiskeli ya Donatus, na kando ya baiskeli hiyo nafasi moja tupu. Mbuke aliiona nafasi ile, moyo ukamruka.

Donatus alitoka nyuma ya gari. Alikuwa amenyoa. Alimtazama Mbuke mara moja, haraka, kisha akaitazama baiskeli.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Mbona huniangalii?"

"Nakuangalia." Hakumwangalia. "Mama yuko barazani."

Mama Donatus alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikaa kwenye kiti cha ukindu, miguu ameikunja vizuri. Mbuke alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mbuke?"

"Ndiyo, mama. Nimekuletea matobolwa. Kidogo tu."

"Weka hapo chini."

Aliviweka chini, kwenye sakafu, kwa sababu meza iliyokuwa karibu ilikuwa na sahani ya korosho na mama hakuisogeza.

Hapo mlango ukafunguka, akatoka msichana. Alikuwa mzuri, mwenye rangi ya maji ya kunde, na amevaa fulana ya baiskeli ya rangi ya waridi, glavu mpya, na kofia ngumu ambayo karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkanda wake. Mbuke alifikiri: binamu. Donatus aliwahi kumwambia ana mabinamu Mwanza.

"Ndiyo hii?" msichana aliuliza, akaizunguka ile baiskeli ya kijani. "Nilidhani ni kubwa zaidi. Dada, habari yako? Mimi naitwa Ritha. Hebu nishushie siti, mimi ni mfupi kuliko wewe."

Mbuke hakuona ubaya. Watu wote huomba kujaribu baiskeli. Alitoa spana kwenye begi, akalegeza, akaishusha siti vidole vinne, akakaza. Ritha akapanda. Donatus alisimama karibu na gari, mikono mifukoni, uso umeelekea getini.

"Imemkaa," Mama Donatus alisema kutoka barazani.

"Imemkaa kweli," Mbuke alisema akitabasamu. "Zunguka uwanja, wifi, halafu unirudishie. Nina safari nayo."

Ritha alishusha mguu mmoja chini. Mama akamgeukia mwanawe.

"Donatus. Hujamwambia?"

"Nilitaka kumwambia uso kwa uso, mama."

"Basi uso ndio huu."

Mama alisubiri kidogo, kisha akachukua korosho moja, akaitafuna yote kabla ya kusema.

"Binti, huyu Ritha ni mchumba wa mwanangu. Posa tulipeleka kwao Mwanza wiki ya Pasaka. Harusi ni mwezi wa tisa. Mimi sikuchukii, nikwambie ukweli, wala sikujui vya kukuchukia. Nilimwambia mapema akueleze. Yeye ni mzito wa maneno kama baba yake."

Mbuke alikuwa bado ameshika spana. Alihisi uzito wake mkononi, na ubaridi wake, na hakuhisi kitu kingine chochote. Jirani kulikuwa na redio. Mtangazaji alikuwa akitaja bei ya pamba.

"Na mimi?" aliuliza. Alimuuliza Donatus, lakini sauti ilikuwa ndogo mno, akalazimika kurudia. "Na mimi, Donatus?"

"Wewe unakwenda na sisi."

"Wapi?"

"Kivu. Mbuke, nisikilize kwanza, usikasirike." Sasa alimsogelea, na sauti yake ikawa ile ile aliyokuwa akiitumia juu ya mwamba, laini, ya kubembeleza. "Ulivyohangaika na safari hii, nisingeweza kukunyima. Nilimwambia Ritha wazi, nikasema Mbuke lazima aione Kivu. Sikutaka uikose."

"Niende kama nani?"

"Sisi tukiwa kwenye baiskeli, gari halitabaki Rubavu tena. Litatufuata. Linahitaji mtu, na maji, na spea. Njia unaijua kwa kichwa. Baiskeli unazijua. Leseni unayo."

Leseni. Mbuke alimtazama. Mwezi wa sita Donatus alimpeleka shule ya udereva Geita, akamlipia kila kitu, akasema mwanamke wa kisasa lazima ajue gari. Siku aliyofaulu walikula samaki wa kuchoma, akamshika mkono mbele ya watu.

"Posa mlipeleka Pasaka," Mbuke alisema polepole.

"Ndiyo."

"Shule ya udereva ulinipeleka mwezi wa sita."

Donatus alitazama viatu vyake.

"Mimi ndiye niliyesema uje," Ritha aliingilia. Hakuwa na ukali. Alisema kama mtu anayemkaribisha mgeni. "Donatus alitaka kukueleza kwa simu, nikamwambia hapana, si vizuri. Na sina kinyongo, dada. Kila mwanaume ana aliyemtangulia mkewe. Afadhali mimi wangu namjua, na ni fundi." Akanyoosha mkono wenye glavu. "Daftari umelileta?"

Ritha alilegeza mpira wa keria mwenyewe, akafungua begi, akalitoa daftari. Alilifungua katikati.

"Mwandiko mzuri! Mama, sikiliza. 'Siku ya kwanza. Tuanze saa kumi na mbili, jua la huko halina huruma saa sita.' Safi. 'Siku ya pili, mlima wa kilomita saba, tusishindane.' Safi." Akafunua. "'Siku ya tatu, Karongi. Donatus atakuwa amechoka, magoti yake si mazuri. Nimkande kwa maji ya moto. Niulize kama wana chumba chenye dirisha la ziwani. Kitanda...'"

"Ritha," Donatus alisema.

"'Kitanda kimoja kinatosha, tutakuwa tumekwisha kuwa kitu kimoja.'" Ritha alifunga daftari. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi. "Basi, hapo tutabadilisha. Vyumba viwili."

Mama Donatus alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, kisha akajizuia, akasema, "Mungu wangu, watoto wa siku hizi." Kicheko hicho ndicho kilichomfikisha Mbuke mwisho. Kurasa zile alikuwa ameziandika peke yake, kibandani, kati ya mteja na mteja, mafuta ya cheni yakiwa kwenye vidole vyake.

"Donatus, njoo tuongee," alisema.

Walikwenda nyuma ya gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na ndani Mbuke aliona dumu la maji, boksi la spea aliloliorodhesha yeye, na mito miwili mipya yenye maua.

"Niambie hunipendi," alisema. "Sema tu, niende."

"Nakupenda. Hilo halijabadilika."

"Ila?"

"Ila baba na baba yake Ritha wanafungua mtambo mmoja. Mambo yalishakwenda mbali. Ningefanya nini? Mimi si mtu wa kugombana na wazee, Mbuke, unanijua."

"Ungeniambia."

"Ungeniacha."

"Ndiyo. Ningekuacha Pasaka. Ningekuwa nimeshalia, nimeshanyamaza. Baba yangu asingemaliza miezi mitatu akikutaja kwa watu kama mkwe wake."

Donatus alitazama upande wa baraza, akahakikisha hakuna anayewaona. Kisha akamshika kiwiko. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na Mbuke, aibu ya aibu zote, alihisi mwili wake bado unakitambua.

"Twende," alimnong'oneza. "Siku kumi tu. Kule hakuna anayetujua. Na Ritha hulala mapema, akishachoka haamki. Tutapata muda wetu, mimi na wewe. Kama tulivyopanga."

Mbuke aliuondoa mkono wake taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayeondoa kupe.

"Hivyo ndivyo ulivyopanga," alisema. "Yeye apate jina, mimi nipate masalia yake akishalala. Na gari nikuendeshee."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema ulichosema wewe."

Alirudi uwanjani. Ritha alikuwa amesimama kando ya baiskeli. Mbuke alimwambia, "Samahani," akaichukua. Akalegeza nati ya siti, akaipandisha vidole vinne, akaangalia kama imekaa sawa, akakaza, akajaribu kuizungusha kwa mikono miwili, akakaza tena. Hakuharakisha. Wote watatu walimtazama akifanya kazi yake kama alivyoifanya kila siku pale stendi.

"Hiyo baiskeli ilinunuliwa na mwanangu," Mama Donatus alisema.

"Alinipa, mama. Muulize."

Mama alimtazama mwanawe. Donatus alikuwa anaifuta miwani yake ya jua kwa ncha ya fulana, anaifuta na kuifuta.

"Mwache nayo," mama alisema hatimaye. "Sokoni zimejaa. Nendeni mkanunue nyingine, mtachelewa saa moja, hamtakufa. Na daftari mwacheni Ritha abaki nalo, si amesema njia yote imo?"

"Libaki," Mbuke alisema. Hakutaka kuliona tena.

Alivua lile gauni la kitenge pale pale, akabaki na nguo za baiskeli, akalikunja, akalisukuma ndani ya begi. Alipokuwa anafika getini, sauti ya chini ya yule mama ilimfuata.

"Binti! Viazi vyako umesahau. Chukua, sisi hatuli hivyo."

Alirudi akavichukua.

* * *

Alipokuwa amekwisha kutoka nje ya mji ndipo alipomkumbuka baba yake.

Mzee hakuwa anamsubiri nyumbani. Saa hizi alikuwa barabarani. Jana jioni alikuwa amemwita Mama Luka jirani, na waimbaji wa kigango, na wazee wenzake wawili, akawaambia kesho tusimame pale kwenye lami tumpungie Mbuke akipita na mkwe wangu, anakwenda nchi ya watu. Mbuke alikuwa ameona aibu, akamwambia baba usisumbue watu. Mzee akasema, nimesumbuka peke yangu vya kutosha, acha nifurahi na watu.

Na lile gari lingepita pale. Hakukuwa na njia nyingine.

Alisimama, akatoa simu, akapiga. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Aliipiga tena. Angeweza kumpigia Mama Luka, namba yake anayo, kidole kikaenda hadi kwenye jina. Angesema nini? Mwambie baba arudi nyumbani, nimeachwa? Mama Luka angelia kwanza, kisha angetangaza. Mzee angezipokea habari hizo akiwa katikati ya waimbaji.

Saa moja. Mama yule alisema watachelewa saa moja. Kununua baiskeli, kuifunga kwenye gari, kuagana. Pengine zaidi. Kilomita arobaini.

Mbuke alipanda, akainama, akakanyaga.

Hakuwahi kuendesha vile hata Kahama. Alipita malori ya mchanga, akapita bodaboda, wavulana wakampigia miluzi kisha wakanyamaza walipoona uso wake. Upepo ulikuwa mbele yake na vumbi la pembeni lilimwingia mdomoni. Hakulia. Kulia kunakula pumzi. Kila alipoona mlima alijiambia baada ya huu nitapumzika, na hakupumzika. Mapaja yakaanza kuwaka, kisha yakafa ganzi. Alihesabu vijiji. Kimoja. Kingine. Aliangalia nyuma mara moja tu, barabara ilikuwa tupu, akapata tumaini, na tumaini lile likamuumiza kuliko milima.

Alizisikia nyumba za kwanza za Katoro kabla ya kuziona, muziki wa maduka. Zilibaki kilomita chache. Alisema kwa sauti, "Baba, nakuja."

Nyuma yake honi ililia mara mbili.

Ilikuwa honi ya adabu, ile dereva anayompigia mwendesha baiskeli yeyote ili akae pembeni. Mbuke alikaa pembeni. Gari jeupe likampita. Nyuma yake zilining'inia baiskeli mbili, moja ya Donatus na nyingine nyekundu, bado imefungwa nailoni. Donatus alishika usukani kwa mikono miwili na hakugeuza shingo. Ritha aligeuka. Akapunga mkono.

Kisha likazama kwenye msongamano wa Katoro, likatoka upande wa pili, likaenda.

* * *

Alipofika Buseresere dakika zaidi ya ishirini zilikuwa zimepita. Watu walikuwa bado barabarani, kumi na tano au ishirini. Walipomwona kwa mbali walipiga kelele, na Mama Luka akapiga vigelegele. Mzee Maganga alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Alikuja mbio kumlaki, yeye ambaye hakimbii.

"Umechelewa wapi? Wamepita hapa!"

Mbuke alishusha mguu. Hakuweza kusema, pumzi zilikuwa hazimtoshi.

"Walitaka kupita moja kwa moja," mzee alisema, anacheka, meno yote nje. "Mimi nikasimama katikati ya lami, nikanyoosha mikono hivi. Breki zikalia! Nikamwambia mkwe, utapitaje kwa baba yako kama basi la Bukoba? Akateremka. Alikuwa amelowa jasho, huyo kijana, nadhani gari lina joto. Nikamuuliza Mbuke yuko wapi. Akasema anakuja nyuma, mzee, kwa baiskeli. Nikasema huyo ndiye Mbuke wangu, hawezi kukaa garini wakati ana miguu."

Wazee wawili walicheka. Mtu mmoja akasema, "Anawatangulia Wanyarwanda kwa mazoezi!"

"Nikawapa ile chupa ya asali ya Ushirombo, ya njiani. Na yule dada yake ana heshima, Mbuke! Sikutegemea. Mtoto wa mjini, ameteremka garini, amepiga magoti kwenye lami, akaniambia shikamoo baba."

"Dada yake," Mbuke alisema.

"Yule mwenye fulana ya waridi. Nilimuuliza Donatus, huyu ni nani? Akasema, ni dada, mzee." Macho ya baba yake yalikuwa yamejaa maji kwa furaha. "Basi nikaona hii si safari ya wahuni, ni ya familia. Moyo wangu ukatulia. Nikawaita wote wawili, nikawawekea mikono vichwani, mmoja huku, mmoja huku, kama alivyonifanyia baba yangu. Nikasema, Mungu awafikishe pamoja, awarudishe pamoja, asiwatenganishe. Watu wote wakaitikia amina."

"Amina!" Mama Luka alirudia.

"Sasa kanyaga, utawakuta mbele! Usiache wenzako wakusubiri juani."

"Baba, twende ndani."

"Ndani kufanya nini? Watakuacha!"

"Wameshaniacha, baba."

Alisema kwa sauti ya chini, kwa ajili yake peke yake, lakini Mama Luka alikuwa karibu na vigelegele vikamkauka mdomoni. Mzee aliendelea kutabasamu, kwa sababu uso wake haukuwa umeambiwa bado.

"Yule si dada yake," Mbuke alisema. "Ni mchumba wake. Wanaoana mwezi wa tisa. Walinitaka niende niwaendeshee gari."

Mzee Maganga aliitazama mikono yake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Akaifuta kwenye lile koti la Jumapili, akaitazama, akaifuta tena. Nyuma yao, kwa wale waliosimama mbali na hawakusikia neno, wimbo wa kumsindikiza msafiri ulikuwa umeanza, na wanawake walikuwa wanapiga makofi.